Joho la Baba Upenuni

Tiszakörtés, 3 Novemba 1998

Mdogo wangu Ambrus,

Mimi kaka yako Vendel nina miaka themanini na mitano na nusu, na maandishi haya ni ya mkono wangu mwenyewe, sijakodi mtu. Nilisoma majira manne tu ya baridi, lakini herufi nilizopewa nimezitunza zote. Nimeuona mwisho wa mfalme mmoja, vita viwili, shamba la ushirika, farasi kumi na wanne, mapadre saba, na daktari mmoja aliyeniambia mwaka wa sabini na tatu kwamba moyo wangu hautafika Krismasi. Yeye ndiye hakufika. Warusi waliingia kijijini nikiwa nimekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, na walipoondoka niliwatazama nikiwa nimekaa kwenye benchi lilelile.

Baada ya hayo nakusalimu. Huku sote wazima, yaani mimi na nguruwe. Yeye ana kilo mia na sitini na bado anakula kama bwana harusi. Korongo waliondoka mapema mwaka huu. Mto Tisza umefurika, maji yamefika bustanini kwa Sipos mchonga mawe, naye amelia kama mtoto. Nikamwambia, mwaka wa thelathini na mbili maji yalifika kwenye godoro langu na sikugeuka upande wa pili.

Sasa neno lenyewe. Jana ilikuwa siku ya wafu. Nilikwenda makaburini na mishumaa yangu mitatu, mmoja wa baba, mmoja wa mama, mmoja wa Bori mke wangu, kama nifanyavyo kila mwaka tangu alipofariki mwaka wa themanini na moja. Nikakuta juu ya kaburi la Bori chungu cha maua meupe, makubwa kama kabichi, yamefungwa utepe, na utepe hauna jina. Wanawake wamekusanyika pale kama mabata bukini walioona mkate. Mmoja akaniuliza, "Mjomba Vendel, nani huyu anayemkumbuka Bori namna hii?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Wewe? Wewe huleta maua ya bustanini kwenye kopo la nyanya!" Wakacheka, mbele ya marehemu.

Ilus, tarishi wetu wa posta, anajua kila kitu kabla hakijatokea. Amesema duka la maua la mjini liliagizwa kutoka Kanada. Huko Kanada mimi simjui mtu ila wewe.

Nakuuliza kama kaka mkubwa, na kama mume: umemtumia mke wangu maua kwa haki gani? Miaka arobaini na miwili hujatuma hata ua la boga. Hapa kwenye kilabu cha pombe wametundika ukutani picha yako ukiwa umeegemea gari, na vijana ambao hawajawahi kukuona wanasema "Mjomba Ambrus, Mjomba Ambrus," kana kwamba wewe ndiye uliyewachimbia kisima. Kisima nilichimba mimi. Mtu anayetaka kuweka maua kwenye makaburi ya nyumbani hubaki nyumbani. Nchi yetu sisi Wahungari haina haja ya utepe, ina haja ya mtu wa kupalilia.

Maua nimeyahamishia kwa mama.

Kaka yako,
Vendel

Hamilton, Kanada, 10 Januari 1999

Kaka Vendel, shikamoo.

Barua yako ilikaa njiani wiki tatu, na mezani pangu ikakaa zaidi. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na nguruwe mko wazima. Kwa sasa yeye, bila shaka, hayuko mzima tena, nanyi mna soseji.

Kwangu pametulia. Margit wangu alinitoka majira ya kuchipua yaliyopita. Sikukuandikia, nisamehe. Binti yetu Etelka hunijia kila Jumapili. Lugha ya nyumbani anaielewa inapozungumzia chakula tu. Theluji iko hadi dirishani. Kazi ya tanuru la chuma niliiacha zamani, lakini usiku bado nasikia mlio wake masikioni. Afya si mbaya.

Kuhusu maua, yalikuwa ya mama. Duka limekosea kaburi. Kwa kuyahamisha umefanya sawasawa, nakushukuru.

Kaka, nina ombi. Baba alinunua nafasi tatu za kaburi zilizo pamoja, yako, ya mkeo, na yangu. Aliniambia kwa kinywa chake, akanionyesha kwa fimbo, pale chini ya mti mkubwa. Nimezunguka sana. Ningependa nikifa niletwe nilale hapo. Huku udongo ni mzuri, sina ugomvi nao, ila haunijui.

Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana. 

Mdogo wako,
Ambrus

Tiszakörtés, 21 Februari 1999

Mdogo wangu Ambrus,

Pole kwa kufiwa na Margit. Sikumjua, lakini alikuvumilia, kwa hiyo alikuwa mwanamke mwema.

Nguruwe tumemchinja wiki ya pili ya Januari. Nilimshika mwenyewe mguu wa nyuma, na goti langu bovu hivi hivi, vijana wawili wakaanguka kwenye theluji mimi nikabaki nimesimama. Soseji zangu zina pilipili nyekundu kiasi kwamba padre alikula moja akaongea Kilatini. Padre wa sasa hajui Kilatini.

Nawe unajifanya umekosewa na duka. Maua ya mama! Mama kalala mistari miwili nyuma, kwenye msalaba wa chuma. Kaburi la Bori lina jiwe jeusi linalong'aa, na limeandikwa. Mtu wa duka akikosea, hukosea njia. Jina hawezi kulikosea.

Ombi lako nimelisoma mara tatu. Jibu ni hapana. Utanisikiliza sababu.

Nafasi ni tatu kweli. Bori ilikuwa alale pembeni, mimi katikati, kama ukuta. Lakini mchimba kaburi aliyekuwepo wakati ule alikuwa amekunywa palinka, pombe yangu kali ya plamu, nami sikuzuia kwa sababu nilikuwa nalia, akachimba katikati. Nilipogundua, jeneza lilikuwa limekwisha kushuka. Sasa Bori yuko katikati. Kulia kwake ni mimi, tayari limechongwa jiwe. Kushoto kwake pametupu. Wewe unataka kushoto. Yaani mke wangu alale kati yangu na wewe kama nyama ndani ya mkate, hadi siku ya ufufuo? Na baragumu likilia, ageukie wapi kwanza? Hapana.

Pale kushoto nitapanda waridi lenye miiba.

Na kwa kuwa hujaliona jiwe, nikuambie. Upande wa katikati limeandikwa MKE WA CSORDÁS VENDEL, 1921–1981. Hivyo ndivyo huandikwa wake za watu katika nchi hii, kwa jina la mume. Upande wangu limeandikwa CSORDÁS VENDEL, 1913–19, halafu nafasi tupu, imesawazishwa vizuri, ya tarakimu mbili za mwisho. Alipochonga Sipos miaka ile, nani alifikiri nitaifikia elfu mbili? Juzi alinikuta dukani akaniambia, "Mjomba Vendel, bado miezi kumi. Usiponifia kabla ya hapo utaniharibia jiwe!" Nikamwambia, "Kanoe tindo lako uanze kufuta, mimi sina haraka." Duka zima likacheka.

Najua kwa nini unataka kulala pale. Usinifanye mimi ng'ombe. Ulirudi kutoka kwenye kambi ya wafungwa mwaka wa arobaini na nane, ukakuta Bori ni mke wangu wa mwaka wa sita. Miaka minane ulikula mezani pangu bila kumtazama usoni hata mara moja. Mtu asiyetazama ndiye wa kuogopwa. Halafu mwaka wa hamsini na sita mpaka wa nchi ukafunguka, ukaondoka kwa miguu bila kuaga, na Bori akaosha sahani yako akaiweka peke yake kwenye rafu, na haikuliwa tena na mtu. Sahani yangu ilikuwa na ufa, sikupewa ile.

Lakini aliyeshinda ni mimi. Umesahau? Oktoba ya arobaini na moja, siku mbili kabla hujaenda jeshini, ulivaa joho la baba, lile la sufu lenye maua mekundu ya kutarizi, ukaenda kwa kina Bori, ukalisahau kwa makusudi kama desturi. Joho likilala ndani hadi asubuhi, mchumba amekubaliwa, apeleke washenga. Likikutwa limetundikwa nje upenuni, alichukue aende zake. Asubuhi lako lilikuwa nje, kijiji kizima kiliona. Kanivali iliyofuata, kabla ya Kwaresima, nikaoa mimi.

Aliyetundikiwa joho nje halali ndani.

Kaka yako,
Vendel

Hamilton, 12 Septemba 1999

Kaka Vendel, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa hospitali, nikatoka, nikarudi, nikatoka. Etelka ananipikia supu ya samaki kwa maelezo yangu, na inatoka kitu kingine kabisa, lakini tunaila. Nimesikia kwenye redio kwamba mwaka huu Tisza imefurika tena. Natumaini benchi liko salama.

Umenikumbusha joho. Mimi nisingelitaja kamwe, lakini umelitaja wewe.

Asubuhi ile kulikuwa na upepo. Nilifika kabla jua halijapanda. Joho lilikuwa upenuni kwenye msumari, na mikono yake imefungwa pamoja ili lisianguke kwenye tope. Nililishika lile fundo, kaka. Mama yake Bori alikuwa anafunga kama wanawake wote wanavyofunga. Lile lilikuwa fundo la wachunga farasi, la kuzungusha mara mbili na kupenyeza kutoka chini. Kijijini kwetu alilijua mtu mmoja, na alikataa kumfundisha yeyote, hata mimi.

Kwa hiyo najua nani aliingia jikoni kwa watu wakati mama mtu anakamua ng'ombe. Nimejua tangu siku ile. Nilijua nikiwa vitani kule mto Don, Urusi, nilijua kambini, nilijua miaka minane nikila soseji zako.

Utaniuliza kwa nini sikugonga mlango. Nimejiuliza mimi kabla yako. Nilikuwa naenda vitani kesho yake. Nilijiambia, wewe goti lako litakubakisha nyumbani, nami huenda nisirudi; ni afadhali aolewe na atakayekuwepo. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilikuwa pia na kiburi, nilisema kama Bori ananitaka atatoka mwenyewe. Hakutoka. Nikalifungua fundo, nikachukua joho la baba, nikalirudisha sandukuni.

Maua yalikuwa ya Bori. Duka halikukosea.

Sikuombi tena nafasi. Nimekuambia tu.

Ambrus

Tiszakörtés, 5 Novemba 1999

Ambrus,

Ilus alileta barua yako mwezi wa tisa, akasimama langoni kungoja niisome, kama kawaida yake. Nilipomaliza akasema, "Mjomba Vendel, mbona umekuwa mwekundu kuliko pilipili?" Nikamfungia lango. Siku tatu sikumpa nguruwe mpya chakula kwa wakati.

Nimekaa wiki sita nikitafuta la kukuandikia. Nimeandika barua nne na zote nimewashia jiko.

Nilikuwa na jambo moja tu maishani, Ambrus. Farasi walikuwa wa bwana, kisha wa ushirika. Shamba walilichukua, wakalirudisha kipande. Nchi yenyewe ilikatwa vipande baada ya vita vya kwanza, kabla sijavaa suruali ndefu. Jambo langu lilikuwa kwamba nilikushinda kwa Bori. Wewe ulikuwa na sura, na sauti, na ulicheza hadi wanawake wazee wakasimama. Mimi nilikuwa na goti. Na bado nilikushinda! Nimeliringia hilo miaka hamsini na minane, kimyakimya, kila nilipokata mkate. Leo unaniambia hukushindwa, uliniachia. Kama mfupa unavyoachiwa mbwa aliyebaki kulinda nyumba.

Basi jua na hili: nilidhani wivu wangu utakufa ukweli ukifika. Haukufa. Zamani nilikuonea wivu kwa sababu huenda alikupenda. Sasa nakuonea wivu kwa sababu ulikuwa na kitu ukaweza kukiacha. Mimi sijawahi kuacha hata kijiko.

Na hapa nyumbani ni hivyohivyo. Uliondoka na nchi nzima kichwani, kavu, bila tope, kila mwaka inakupendeza zaidi. Mimi nimeachiwa ile yenye tope.

Ndiyo, ni mimi niliyelitundika. Nilifunga kwa sababu ya upepo. Lilikuwa joho la baba, lingechafuka.

Siku ya wafu nilikuta tena maua meupe, na safari hii utepe una jina BORI, limeandikwa waziwazi. Sikuyahamisha. Chungu kizito, na goti langu unalijua.

Waridi halikushika. Kushoto pametupu. Ukitaka kuja, uje. Lakini uje kama mdogo wangu, na uangalie ng'ambo, usimgeukie Bori.

Vendel

Hamilton, 6 Desemba 1999

Kaka yangu,

Namwambia Etelka maneno naye anayaandika kwa kuyasikiliza tu, kwa hiyo ukiona makosa ujue ni mapenzi. Mkono wangu hauwezi tena kushika kalamu.

Asante. Nitaangalia ng'ambo.

Nina swali moja, na baada ya hilo sitakusumbua. Bori aliwahi kusema lolote juu ya asubuhi ile? Miaka yote mliyoishi. Neno lolote, hata la kunitukana.

Nijibu upesi, kaka. Upesi ya huku, si ya kwetu.

Ambrus

Tiszakörtés, 14 Mei 2000

Mdogo wangu Ambrus,

Nina miaka themanini na saba, na orodha yangu imeongezeka: sasa nimeuona mwisho wa karne, na mwisho wako.

Barua hii haina stempu. Ilus ameniuliza naiandikia anwani gani, nikamwambia anwani ni ya hapahapa, nitaipeleka kwa mguu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba Desemba. Ilus alisema, "Mjomba Vendel, huyu mtu anaumwa. Njoo posta, nitakupigia simu, unamjibu leo leo." Nikamwambia, "Nimemngoja yeye aseme miaka hamsini na minane. Naye angoje hadi Mwaka Mpya." Nilikuwa na jibu, Ambrus. Lilikuwa mdomoni. Nililibana kama mtoto anavyobana peremende. Nilitaka kitu kimoja cha Bori ambacho wewe huna. Tarehe ishirini na tisa ulikufa. Etelka alituma simu ya maandishi ya maneno matano, na mawili kati yake yalikuwa na makosa.

Kwa hiyo nakujibu sasa. Najua sauti yangu haifiki. Najibu hata hivyo.

Usiku wake wa mwisho wa akili timamu, mwaka ule wa themanini na moja, Bori aliniita akasema, "Vendel, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilikuona ukiingia, nikakuona ukilitundika. Ningeweza kutoka nikalirudisha ndani kabla hata hujafika langoni. Nikasema ngoja nione mdogo wako atafanya nini. Akigonga, mimi ni wake. Akaja. Akalishika fundo. Nikaanza kuhesabu. Nikafika mia, nikarudia mia nyingine. Hakugonga. Nikasema basi, afadhali anayeiba kuliko anayeacha."

Nikamuuliza, "Na ulijuta?"

Akasema, "Nipe maji."

Nikampa maji. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu.

Ndiyo hayo. Mia mbili, Ambrus. Mimi huzihesabu kila asubuhi ninapovaa viatu, ni muda mrefu sana, mtu anaweza kufunga viatu na kuvua na kufunga tena. Ulikuwa na muda wote ule, na mlango ulikuwa hatua tatu. Nami nimeonea wivu mlango ambao haukugongwa.

Binti yako alikuja Jumatano na wewe ukiwa majivu ndani ya kopo. Nilikasirika. Mwanamume mzima, uliyebeba gunia la ngano kwa meno, unarudi mdogo kama kopo la tumbaku! Etelka anafanana na mama yetu puani. Nilimpa kabichi chachu na mbavu, akala sahani tatu, akasema neno moja alilolijua, "Zuri." Nilimpa kwenye ile sahani yako. Ilikuwa bado kwenye rafu.

Halafu nikaenda kwa Sipos. Nikamwambia, "Leta tindo." Akasema, "Mjomba, nilikuambia! Ile 19 haifutiki bila kuchimba jiwe zima. Hukunifia kwa wakati." Nikamwambia haitafutwa. Akanitazama. Nikamwambia, mimi 19 hainifai tena, lakini yupo aliyekufa zikiwa zimebaki siku mbili, akawahi. Mtie yeye. Vendel ichimbwe, hata pakibaki shimo, na Ambrus aandikwe humo. Ile 1913 aitie mviringo juu, tatu iwe tisa, maana ulizaliwa kumi na tisa, na mwishoni aongeze tisini na tisa.

Sipos akasema, "Mjomba Vendel, unajua unachosema? Utakuwa umempa mahali pako. Kulia kwa mkeo!"

"Najua kulia na kushoto, nimekuwa jeshini."

"Hukuwahi kuwa jeshini, una goti."

"Chonga!"

Akataka kubadilisha na ule mstari wa katikati, aandike Bori kwa jina lake, ili wapita njia wasichanganyikiwe kumkuta mke wa Vendel amelala ubavuni kwa Ambrus. Nilimshika mkono wenye tindo. Nikamwambia pale usiguse hata vumbi. Pameandikwa MKE WA CSORDÁS VENDEL na patabaki hivyo hivyo. Wakishangaa, na washangae. Mahali nimempa. Mke sijampa.

Jana tumekuzika. Joho la baba nililitoa sandukuni, nondo wamekula mkono mmoja na maua yote ya mgongoni bado ni mekundu. Padre alitaka kopo lishuke peke yake. Nikapiga magoti, na goti ukalisikia hadi kanisani, nikakufunga ndani ya joho, nikaifunga mikono yake kwa fundo langu, mara mbili na kupenyeza kutoka chini. Etelka alikuwa amechuchumaa karibu akinitazama vidole. Nikalifungua nikalifunga tena polepole. Sasa na yeye analijua.

Joho limeingia ndani, Ambrus. Halikubaki nje.

Mimi nitalala kushoto. Msalaba wa mbao unanitosha, na Sipos ameapa hataandika tarehe mpaka nifike kweli. Barua hii nitaisukuma chini ya chungu cha maua, upande wako.

Na atakayesema kwamba mzee Vendel ametunga, amuulize Sipos aliyetia tatu mviringo ikawa tisa, huku akilaani. Amuulize Ilus, aliyesoma barua zako zote akichungulia juu ya bega langu. Amuulize Etelka, hajui maneno lakini fundo analo mkononi. Na wote hao wakikosekana, amuulize Bori. Yeye yuko katikati, alikuwepo nyuma ya pazia, na kati yetu watatu ndiye pekee aliyekuwa akihesabu.

Kaka yako mkubwa,
Csordás Vendel